Kumgeuzia Mkwe Macho

Nimefundisha vitenzi vingi vya Kiingereza maishani, na vingi nimevisahau pamoja na wanafunzi niliowafundisha, lakini avert sitakisahau hata nikizeeka nikaanza kuyasahau majina ya wanangu. Ninakijua kitenzi hiki ninavyoijua mifuko ya suruali yangu. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili mjini Thika, nyumba nimepanga Ruiru, na kila mwaka kidato cha tatu walikuwa wakinivunjia kitenzi hicho mbele ya macho yangu. "The driver averted the lorry," mmoja angeandika, akimaanisha kwamba dereva alilikwepesha lori. Mwingine angeandika kwamba mamake alimu-avert asiende dansi. Nilikuwa nikiugonga ubao kwa kifutio mpaka vumbi la chaki linaniingia kinywani.

Lori hukwepeshwa, niliwaambia, na mtoto hukatazwa. Avert kina vyakula viwili tu, hakili kingine: macho na balaa. Unaweza kugeuza macho usitazame jambo fulani, nazo fikira zikafuata macho. Na unaweza kuepusha balaa. Basi. Na balaa lenyewe lazima liwe bado liko njiani. Likishapiga hodi likaingia likaketi, huna cha ku-avert tena. Hapo tafuta kitenzi kingine. Wanafunzi waliandika hayo katika madaftari yao, na mwaka uliofuata wadogo zao wakaja kukwepesha malori upya.

Nakisimulia leo kwa sababu ya macho ya mama mkwe wangu. Macho yale yalikaribia kuzimika kabisa huku sisi sote tukiyasifia adabu yake. Yangezimika kwa heshima, katikati ya watu wanaompenda, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angelaumiwa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mke wangu ni wa jamii ya Wakamba waliohamia Kalimoni, karibu na Juja, wakulima wa mahindi na maharagwe, watu wa kanisa. Mimi ni Mkikuyu wa upande wa Gatundu. Kwetu desturi ya mkwe na mama mkwe kuepukana ilikuwepo pia, lakini nilipokuwa mtu mzima ilikuwa imepauka, imebaki ya kusimuliwa. Kwao ilikuwa bado na nguvu zake. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja. Wakikutana njiani, kila mmoja anampisha mwenzake kwa kutoka njiani na kuangalia kando. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, na kubwa kuliko salamu yoyote.

Wengine wangeiona desturi hiyo kuwa mzigo. Mimi niliipokea kwa majivuno. Mtu akioa kabila jingine, watu hukaa wakingoja ateleze, na mimi sikuwa na nia yoyote ya kuwapa watu wa Kalimoni la kucheka. Niliishika desturi yao kuwashinda wenyewe. Siku moja nilimwona mama mkwe akija kwa mbali, nikachepuka nikaingia katikati ya mahindi ya watu, nikasimama mgongo nimeipa njia, nikingoja apite. Mwenye shamba akatokea na panga akidhani nimekuja kuiba. Sikujitetea kwa sauti, maana mama mkwe angenisikia, na hiyo nayo haingekuwa heshima. Yule bwana alipoelewa nilichokuwa nikifanya alicheka hadi akaketi chini, lakini nasikia alinisifu sokoni.

Kwa hiyo nilimjua mama mkwe wangu kwa alichokiacha nyuma. Alikuja kwetu Ruiru nikiwa shuleni, akaondoka kabla sijarudi. Nilikuta muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, umefunikwa mezani, sufuria zimesuguliwa zikang'aa, na watoto wamejaa hadithi za shosho, bibi yao, hadi hawataki kuoga. Nilijua mkono wake wa chumvi na namna alivyokunja nguo. Alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na shamba alilolilima mwenyewe, na nilimpenda sana. Lakini ungeniuliza macho yake yana rangi gani, nisingeweza kukujibu.

Kisha pasta wa kanisa lao akaniomba niwe nikienda Kalimoni kila Jumamosi alasiri kuwafundisha watu wazima Kiingereza. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Walikuja wakulima, fundi wa baiskeli, kina mama wa soko, kila mtu na sababu yake. Na siku ya kwanza nikaambiwa kwamba mama mkwe wangu naye amejiandikisha.

Sababu yake aliieleza kwa binti yake. Watoto wetu walikuwa wakisoma akademi pale Ruiru, Kiingereza chao kinatokea puani, na wakikaa na shosho wao walizungumza wenyewe kwa wenyewe huku wakichekacheka.

"Wananicheka kwa Kizungu ndani ya nyumba ya mtoto wangu," alimwambia mke wangu. "Nataka kujua wanasema nini, ndio nikiwachapa niwachape na sababu."

Hiyo ilikuwa sababu nzuri kuliko zote darasani. Lakini mwalimu atamfundishaje mtu asiyeruhusiwa kukaa naye chumba kimoja? Kina mama wa kanisa walikaa kikao, wakaleta jibu. Madirisha ya kanisa hayakuwa na vioo, yalikuwa ya mbao za kufungua. Wakaweka benchi nje chini ya dirisha. Mama mkwe akaketi huko, mgongo ukutani, masikio yakiwa darasani. Ndani, kando ya dirisha hilo, akaketi rafiki yake aliyekuwa akiuza mboga, awe anapitisha maswali. Walimwita mkalimani, ingawa alichotafsiri kilikuwa Kiswahili kwa Kiswahili. Mama mkwe angeuliza kule nje, sote tukamsikia vizuri, kisha mkalimani angelirudia swali lile lile kana kwamba limetoka Ulaya. Nami nilimjibu mkalimani huku nimekodolea ukuta wa upande wa pili. Fundi wa baiskeli aliyeketi upande huo alilalamika kwamba mate yangu yote yanamwishia yeye.

Tulisoma hivyo msimu mzima, na nasema bila haya kwamba lilikuwa darasa zuri. Siku moja mtu alileta kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungia nyama, chenye habari ya mgomo ulioepushwa, akataka kujua lile neno. Nilifurahi. Niliandika avert ubaoni kwa herufi kubwa, nikawapa vyakula vyake viwili, macho na balaa, kama nilivyowapa watoto wa Thika.

Kutoka nje sauti ikaja, na mkalimani akasimama.

"Mwalimu, mama anauliza. Yule mtu anageuza macho kwa heshima, na yule anageuza macho sababu ameona kitu mbaya. Wazungu wanatumia neno moja?"

"Mwambie ndiyo, neno ni moja."

Sauti ikaja tena.

"Anasema basi hao Wazungu ni maskini."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikaucheka ukuta. Baada ya kicheko kutulia, swali jingine likaja, na hili mama mkwe aliliuliza polepole.

"Anauliza, na shida ikiwa imeshafika? Unasema aje?"

"Mwambie ikishafika, tumechelewa. Avert ni ya kitu ambacho hakijafika."

Nilingoja swali jingine, halikuja. Nilijua nimeeleweka, nikafuta ubao.

Baada ya hapo sifa zikaanza. Pasta aliniambia kwamba mama siku hizi amezidi unyenyekevu, hata yeye pasta akimsalimu, mama anaangalia pembeni. Kina mama wakasema hivyo hivyo. Wahenga walisema macho hayana pazia, mmoja wao aliniambia, lakini mama mkwe wako ameyashonea lake. Walisema ni kwa sababu amepata mkwe mwenye adabu, na adabu huambukiza. Niliyasikia hayo nikavimba kichwa. Nilirudi Ruiru nikamsimulia mke wangu jinsi nyumba yao ilivyoinuka tangu waje kunipata.

Kulikuwa na mambo mengine, na kila moja tulilipatia jina lake. Mkalimani alikuwa akimpitishia kikombe cha maji dirishani mara kwa mara, na katikati ya somo tungesikia benchi likilia, mama anaelekea choo. Tukasema ni jua la Kalimoni. Mke wangu aliona mamake akimimina chai kando ya kikombe. Alisema ni uzee. Mimi pia nikasema ni uzee, maana huwezi kumpinga mtu kuhusu mamake mzazi.

Aliyetuamsha ni kitinda mimba wetu. Tulikuwa tunakula, akasema bila kuulizwa:

"Shosho hanipendi siku hizi. Nikimwambia kitu anaangalia ukuta."

Niliuweka ugali chini. Nimesema kwamba najua matumizi ya neno, na matumizi ya desturi nayo yana kanuni zake. Kugeuza macho ni kwa mkwe. Labda kwa pasta, tukikaza sana. Kwa mjukuu haipo kabisa, si Ukambani, si kwetu. Bibi na mjukuu ni utani mtupu. Huyu mama alikuwa akimwita mwanangu wa kiume "mume wangu", na huyu mdogo "mke mwenzangu", akimvuta mashavu na kumkodolea macho hadi mtoto anapiga kelele. Sasa alikuwa akimgeuzia uso huyo huyo. Nilihisi kile ninachohisi nikisoma kwamba dereva ame-avert lori. Jambo lilikuwa limewekwa mahali ambapo haliwezi kukaa.

"Mama yako hana heshima," nilimwambia mke wangu.

Alikuwa ameshika mwiko, na nadhani ungeniangukia.

"Umesema nini?"

"Nimesema hiyo si heshima. Mama yako ni mgonjwa. Haoni."

Mke wangu alikwenda Kalimoni akamuuliza. Mama alikana. Alisema anaona vizuri, akataja kila kitu kilichokuwa uani, kuku, jembe, nguo kwenye kamba, na vyote vilikuwa pale alipovitaja. Mke wangu akarudi akiwa na hasira nami. Shemeji zangu wakasema mwalimu amesoma hadi anaona magonjwa kwenye adabu za watu. Lakini mke wangu alinieleza jambo moja lililonifanya nisitulie. Mamake alipokuwa akikana, alimwambia: "Ukiwaambia ndugu zako kitu, watanitoa kwa shamba yangu wanipeleke kwa wake zao nikae kwa kiti kama mgeni." Mtu anayeona vizuri hana haja ya kuogopa hivyo.

Jumamosi iliyofuata niliwapa darasa sentensi za kuandika, nikaweka chaki chini, nikatoka mlangoni. Nilizunguka ukuta wa kanisa na kwenda kusimama mbele ya benchi lake. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusimama hapo. Niliona mikono yake kwanza, imeshika leso mapajani. Akageuza uso, akauelekeza jikoni kwa pasta.

"Mama," nikasema.

Dirishani mkalimani alitoa kichwa, akapiga ukemi. "Haiya! Mwalimu ameingiwa na nini? Mwalimu, rudi!"

Viti vikasogea ndani. Nilijua kwamba fundi wa baiskeli na wengine wote wamejaa madirishani. Sikujali.

"Mama, hapo unaangalia jikoni ya pasta. Mimi niko hapa. Niangalie usoni."

"Baba watoto, tutasemwa."

"Wacha tusemwe."

"Hii kitu unafanya haina dawa."

"Niangalie, mama. Mara moja tu, kisha nitalipa chochote wazee watakachosema."

 Kisha akageuza uso wake polepole na kuyaweka macho yake juu yangu, moja kwa moja. Yalikuwa ya kahawia, na ukingoni yana duara hafifu la kijivu. Nilikuwa nikiyaona kwa mara ya kwanza. Yalinitazama wazi kabisa, na hayakunipata.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu hapo."

"Mimi niko hapo."

"Najua, nasikia sauti yako. Lakini hapo pana shimo." Alinyanyua mkono akaonyesha kifua changu na uso wangu. "Kila mahali nikiangalia pana shimo."

"Tangu lini?"

"Ilikuwa imeanza siku ile ya neno lako."

"Na hukusema? Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuuliza," akasema. "Ukasema ikishafika tumechelewa."

Nilikasirika pale kuliko nilivyowahi kukasirika darasani. Nilimkasirikia yeye, nikakikasirikia Kiingereza na kila aliyekileta huku, nikatamani kulipiga lile benchi teke. Nilikuwa nimempa jibu sahihi kabisa. Na yeye alikuwa amelichukua akaenda nalo nyumbani, akakaa nalo, akiamini kwamba mwalimu amekwisha kusema.

Lakini mimi si mtu wa kukubali kanuni yangu inishinde. Nilichuchumaa mbele yake, kitu ambacho kilimtoa mkalimani sauti nyingine.

"Sikiliza, mama. Nilisema shida iliyofika imefika. Sikusema ni moja. Nyuma ya hii inawezekana kuna nyingine inakuja, na hiyo bado iko njiani. Hiyo ndiyo ya ku-avert. Twende hospitali."

"Watanitoa kwa shamba."

"Hakuna atakayekutoa."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Alijifunika leso kichwani, akasimama. Nilipotaka kumshika mkono alinipiga kofi la vidole. "Hapo sasa umepita mpaka," akasema. Tukaenda hadi nyumbani kwa mama, alikokuwa mke wangu siku hiyo, mimi nikiwa mbele, yeye nyuma akiwa ameshikwa na mkalimani, darasa zima likitufuata na kalamu mikononi.

Mke wangu na mimi tulimpeleka Thika kwa daktari wa macho. Daktari alimtia matone, akayamulika macho yake kwa muda mrefu, kisha akaagiza apimwe damu. Ilikuwa sukari. Alitueleza taratibu, na mimi nikiwa nimesimama nje ya mlango, maana mama alikuwa amekataa niingie, nilisikia kila neno. Sukari ilikuwa imekula katikati ya macho yote mawili, pale ambapo mtu huangalia akitazama kitu moja kwa moja. Hapo hapatarudi. Pembeni palikuwa bado pazima. Ndiyo maana alimwona kuku na jembe na nguo kwenye kamba: alipogeuza macho kando, vitu viliingia kwa upande. Sukari ikiachwa, na pembeni pia pataliwa, na baada ya macho itatafuta miguu na figo.

"Na ikidhibitiwa?" niliuliza kutoka nje.

"Ikidhibitiwa, tunaweza kuyaokoa haya yaliyobaki. Ila afuate masharti."

Sikungoja mke wangu amweleze. "Umesikia, mama?" nikasema kupitia mlango. "Bado iko njiani."

 Kisha mama mkwe wangu, kwa Kiingereza alichokipata chini ya dirisha, akamwambia daktari: "Avert it." Daktari alicheka, akaandika dawa. Mimi niliegemea ukuta wa hospitali nikalia, na aliyeniona akaniona.

Masharti aliyachukia. Chai bila sukari aliiita maji ya kuoshea vikombe. Alipunguziwa muthokoi, akatukasirikia sote. Lakini alikuwa na shamba lake la kulinda, na mkalimani aligeuka polisi, akifika kila asubuhi kuhakikisha dawa zimemezwa. Shemeji zangu walitaka kumhamisha, kama alivyojua. Niliwaambia kwamba mtu aliyelima kwa macho hayo hadi sasa anaweza kuendelea, na anayemtaka ahame anihamishe mimi kwanza. Nina sauti ya darasani, nikiitumia nyumbani watu hunisikia. Alibaki.

Mavuno ya pili yalipopita, daktari alimpima tena akasema pembeni hapajasogea hata kidogo. Ndipo wazee wakakumbuka deni langu la kusimama mbele ya mama mkwe. Walisema kwa kuwa nimekwisha kuivunja desturi, ni heri tuiondoe kwa njia yake, mbele za watu. Nilikubali mara moja. Nilipeleka mbuzi na blanketi zito, na wala sikuchagua mbuzi wa kuaibisha mtu.

Tulikusanyika uani kwake Kalimoni, mchana wa jua. Mama aliketi kwenye kigoda, mimi kwenye kiti mbele yake, karibu kuliko siku zote. Baba mdogo wa mke wangu, mzee wa ukoo, alisema maneno, akamfunika mama blanketi mabegani, akatuambia sasa tuangaliane.

Nikamwangalia. Na yeye, mbele ya ukoo wote, akageuza uso wake pembeni, akalielekea ghala la mahindi.

Minong'ono ikaanza. "Amekataa," mtu akasema nyuma yangu. "Amekataa mbuzi." Mke wangu alishika bega langu. Mzee akainama.

"Mama, mkwe wako yuko huku."

"Najua aliko. Nyamazeni, naangalia."

Wakanyamaza.

"Leo amejikata na wembe hapa," akasema, akagusa kidevu chake mwenyewe, upande ule ule niliojikata. "Nywele zinamkimbia mbele. Bega hii inaenda chini kushinda hii ingine, ni ya kubeba vitabu. Akiwa na wasiwasi anapiga goti na kidole. Anapiga sasa."

Niliacha kulipiga goti. Watu walicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

"Umeyajulia wapi hayo yote?" mzee akamuuliza. "Si mlikuwa hamwangaliani?"

"Nyinyi wote nilikuwa najikaza niwaangalie usoni, ndio msijue," akasema. "Nilijikaza hadi nikashindwa. Na kila mtu nilimwangalia hivyo, nilimpoteza. Wewe, sura yako sina. Watoto wangu, nazitafuta sura zao, naona shimo. Lakini huyu niliruhusiwa kumgeuzia macho. Kila Jumamosi akifika, yeye anaangalia mahindi, mimi naangalia pembeni, hakuna mtu anauliza kitu. Na huko pembeni ndiko nilikuwa nimebakia nako." Akavuta blanketi. "Sura ya huyu, ninayo."

Mke wangu alikuwa ameuficha uso wake mgongoni mwangu, na nilihisi shati langu likilowa.  Nikasogeza kiti changu mbele mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, nikaweka mikono yangu mapajani, nikatulia. Na mama mkwe wangu, akiwa amelielekea ghala, akaendelea kuniangalia.